Msaidizi wa Nani?

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Mwanga, Kigoma



Mwezi Mei 2021, chama cha wataalamu wa tiba ambao Marekani inawaita "physician assistants" kilipiga kura kubadili jina la kada yao. Walilikataa neno la pili, lenye maana ya msaidizi, wakachagua "associate", yaani mwenza. Miaka minne baadaye, Julai 2025, Profesa Gillian Leng aliikabidhi serikali ya Uingereza ripoti iliyoshauri kinyume chake: kada hiyohiyo, ambayo Uingereza ilikuwa imeshaizoea kwa jina la mwenza, irudishiwe jina la msaidizi. Lugha moja, kazi inayofanana, na kila upande unadai kwamba unamlinda mgonjwa.

Mtu wa Mwanga ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu yeye hutibiwa na watu wa namna hiyo kuliko Mmarekani na Mwingereza wanavyotibiwa. Huko kada hii iliongezwa pembeni ya madaktari waliokuwepo tayari. Hapa kwetu ndiyo iliyobeba nyumba. Mtoto wa Mwamgongo akishikwa na degedege usiku, wa kwanza kumgusa si daktari mwenye shahada. Ni tabibu, au tabibu msaidizi, au muuguzi. Mama wa Kalya uchungu ukimzidi, mwenye kuamua kama boti iwashwe au isubiri mwanga ni mmoja wa hao. Kwa hiyo swali la jina ni letu pia, na nadhani sisi tuna zaidi ya kulisemea, kwa kuwa tumeshabadilisha majina haya mara nyingi na matokeo tumeyaona.

Kwanza tuelewane nani ni nani, maana hata ndani ya hospitali watu huchanganya. Tabibu amesoma miaka mitatu ya stashahada baada ya sekondari. Tabibu msaidizi yuko chini yake, na mafunzo yake ni mafupi zaidi. Daktari msaidizi ni tabibu aliyefanya kazi miaka kadhaa, kisha akarudi chuoni miaka miwili, akajifunza pamoja na mengine kufungua tumbo na kulifunga. Daktari ni yule wa chuo kikuu, miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi. Halafu kuna mganga mfawidhi, ambacho si kiwango cha elimu hata kidogo, ni madaraka: ni mkuu wa kituo, awe nani. Ndiyo maana unaweza kumkuta tabibu msaidizi ambaye ni mganga mfawidhi. Cheo kimoja kinamwambia kwamba yeye ni wa kumsaidia mtu, na kingine kinamwambia kwamba hapa hakuna mtu juu yake. Vyote viwili viko kwenye barua zake za ajira, na vyote viwili amevipokea kwa saini.

Majina haya yana historia, na sehemu ya historia hiyo imepita papa hapa ufukweni. Mwanzoni mwa karne iliyopita, malale ilipoua watu kando ya ziwa, Wajerumani waliweka kambi za matibabu na wakaajiri wenyeji wa kupita vijijini na kupapasa shingo za watu, kutafuta tezi zilizovimba. Kwa Kijerumani waliitwa hivyohivyo, wapapasaji wa tezi. Jina halikuwa na heshima yoyote, lakini lilisema ukweli: ulijua mtu huyu amekuja kufanya nini na vidole vyake. Hakukuwa na aliyedhani atamfanyia upasuaji.

Waingereza wakaja na madresa. Katika miaka ya 1920, chini ya mkurugenzi wa tiba John Shircore, vijana walifundishwa kusafisha vidonda, kufunga bendeji na kugawa dawa chache, wakawekwa kwenye zahanati zilizolipiwa na mamlaka za wenyeji, yaani za machifu. Wapo wazee humu ukumbini waliofungwa vidonda na dresa, na naona baadhi wanatabasamu. Dresa alikuwa mtu mkubwa kijijini. Alikuwa na baiskeli, alikuwa na kaptula iliyopigwa pasi, na sindano ilipoingia nchini ikawa mkononi mwake. Kazi yake ilipanda haraka, ila jina lilibaki kwenye bendeji.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, madaktari wazalendo wa Tanganyika walikuwa 12. Mwalimu Nyerere aliirudia hesabu hiyo mara nyingi, na nadhani alikuwa na sababu. Kwa watu 12 huwezi kuendesha hata mkoa mmoja. Mwaka 1963 ndipo yalipoanza mafunzo ya daktari msaidizi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967, zahanati ziliposogezwa vijijini, ikafundishwa kada nyingine ya vijana waliomaliza darasa la saba, waganga wasaidizi wa vijijini, ambao wengi wenu mnawakumbuka kwa herufi zao tatu za Kiingereza, RMA. Juu yao walikuwapo waganga wasaidizi wa miaka mitatu baada ya sekondari. Baadaye hawa wa juu wakabadilishwa jina wakawa matabibu, na wale wa chini wakawa matabibu wasaidizi. Kenya na Uganda nazo ziliacha neno la msaidizi kwa kada ya namna hiyo.

Katika mabadiliko yote hayo, mara chache sana mwenye jina aliulizwa. Waraka ulishuka kutoka wizarani, muhuri mpya ukachongwa, kibao cha mlangoni kikapakwa rangi upya. Mgonjwa hakuulizwa kabisa, na aliendelea kusema "dokta".

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Kigoma ina haki ya kulisema kwa sauti. Katika miaka ya 1980 hospitali yetu ya mkoa, Maweni, ilikuwa na vifo vya uzazi vya kutisha. Daktari bingwa wa uzazi aliyekuwa hapa, marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku, alikaa chini na watumishi wake, wakapitia vifo vya miaka ya nyuma kimoja kimoja, wakapanga hatua 22 za kurekebisha mambo kwa vilivyopo: damu ya akiba ipatikane, vifaa vilivyoharibika vitengenezwe, kuwe na miongozo ya kumhudumia mgonjwa, watumishi wakae na kujipima wenyewe, malalamiko ya wagonjwa yasikilizwe. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Aliyaandika yeye na Staffan Bergström wa Sweden katika jarida la kitaaluma mwaka 1995, na wataalamu wa uzazi wa nchi nyingine wakaisoma Kigoma kabla hawajajua iko wapi kwenye ramani. Hatua zile hazikuhitaji daktari mmoja zaidi mwenye shahada. Zilihitaji watumishi waliopo wajue nani anawajibika na nini, na saa ngapi.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 2009, Mbaruku na wenzake, akiwemo daktari wa Marekani Colin McCord, walitoa utafiti mwingine kutoka mikoa ya Mwanza na Kigoma. Safari hii waliuliza swali ambalo ndilo la jioni hii: anayemfungua mama tumbo akiwa daktari msaidizi, mama huyo yuko hatarini kuliko akifunguliwa na daktari? Wakapitia visa 1,134 vya uzazi wenye matatizo na operesheni kubwa 1,072. Sehemu kubwa mno ya operesheni hizo ilikuwa imefanywa na madaktari wasaidizi. Na hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili, si katika matokeo, si katika ubora wa huduma. Tofauti waliyoiona ilikuwa kati ya hospitali za misheni na hospitali za serikali, yaani kati ya mahali penye vifaa na usimamizi na mahali pasipo navyo.

Naomba mlikae na hilo kidogo. Kama operesheni nyingi za mkoa zilifanywa na wasaidizi, basi walikuwa wanamsaidia nani? Katika hospitali ya wilaya ya wakati ule, usiku wa manane, daktari msaidizi alikuwa mezani na kisu, muuguzi kashika dawa ya usingizi, mwingine kashika taa. Daktari mkuu wa wilaya yuko kwenye mkutano wa bajeti, tena mkoa mwingine. Kwa nini mwenye kisu aitwe msaidizi? Ningeelewa kama ingekuwa ni lugha ya unyenyekevu. Lakini neno hili lina bei. Mshahara hupangwa kwa cheo, posho hupangwa kwa cheo, nafasi ya kwenda kusoma hupangwa kwa cheo, na kosa likitokea, aliyeitwa msaidizi wakati wa malipo huitwa kwa jina lake kamili mbele ya kamati.

Hoja hii ndiyo ya Wamarekani waliopiga kura mwaka 2021, na kwa upande wao ina nusu ya haki. Kada yao ilizaliwa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead alipochukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini akawafundisha kufanya kazi chini ya daktari. Daktari alikuwepo, chumba cha pili. Jina la msaidizi lilikuwa sahihi siku hiyo. Limepitwa na wakati kwa sababu elimu yao imepanda na majukumu yao yamepanuka. Kwetu ni tofauti: jina halikuwa sahihi hata siku ya kwanza, maana tabibu msaidizi alitengenezwa makusudi kwa ajili ya mahali ambapo daktari hayupo. Ukimpeleka mtu peke yake kwenye kijiji cha ufukweni kisichofikika ila kwa maji, ukamwita msaidizi, unajidanganya kwamba umemwekea mkubwa wa kumsimamia. Hapo ndipo ninapoona madhara ya neno lenyewe, zaidi ya heshima iliyopungua. Wizara ikisoma orodha yake inaona "msaidizi" na inadhani usimamizi upo.

Niliwahi kushika mkononi barua ya rufaa iliyotoka zahanati moja ya kusini. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, ikaloa maji ya ziwa njiani, wino ukatanda pembeni. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu, saa ya uchungu kuanza, dawa iliyotolewa na dozi yake, vyote vimo, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka. Chini palichapwa maneno "Jina la Daktari", na mwandishi alikuwa ameandika jina lake, kisha juu ya neno "Daktari" kapiga mstari mmoja mwembamba na kuandika pembeni "T/Msaidizi". Fomu ilimpa udaktari, yeye akaukataa. Mama yule alifika hai na mtoto wake. Wale waliompokea hospitalini waliisoma barua kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri, na sidhani kama mmoja wao aliuangalia ule mstari.

Mstari ule ndio unaonipeleka upande wa pili wa hoja, upande wa Uingereza, ambao sipendi kuupuuza. Mwaka 2022 mwanamke wa miaka 30 alikwenda mara mbili kwenye kliniki yao ya mtaani akilalamika maumivu ya mguu na pumzi kubana. Mara zote mbili alionwa na mtaalamu wa kada hii. Yeye aliamini ameonwa na daktari. Damu ilikuwa imeganda mguuni, ikapanda kwenye mapafu, akafa. Familia yake ilisema jambo ambalo mzazi yeyote angelisema: laiti tungejua kwamba si daktari, tungeomba daktari. Neno "mwenza" halikumwambia mgonjwa kitu. Mwenza wa nani? Kwa nini? Ndiyo maana ripoti ya Leng ikataka neno la zamani lirudi, na vazi na kitambulisho vitofautishe.

Hapo Waingereza wamegusa kitu. Jina la kazi ya tiba ni mali ya mgonjwa kabla halijawa mali ya mwenye kazi. Mgonjwa analihitaji ili ajue aombe nini. Tatizo la kuuhamisha ushauri wao kuja hapa ni ile sentensi ya familia: tungeomba daktari. Kalya utamwomba nani? Haki ya kujua nani anakutibu ina maana kamili pale tu penye mwingine wa kukutibu. Na hata hivyo haki hiyo haifutiki. Mama wa Kalya akijua kwamba aliye mbele yake ni tabibu, si daktari, anaweza kuuliza swali moja kubwa: hili liko ndani ya uwezo wako, au tuwashe boti? Nimeona matabibu wakilipokea swali hilo kama tusi. Si tusi.

Kwa sababu hiyo siko pamoja na vijana wanaotaka njia ya mkato, kwamba wote tuitwe madaktari yaishe. Mtaani mnaitwa dokta, sawa, na hakuna anayewakataza kuitika. Mtaani hata muuza duka la dawa anaitwa dokta. Lakini kwenye muhuri, kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha kifo, andikeni mlivyosajiliwa. Sheria Na. 11 ya 2017, inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, imeweka madaftari ya usajili kwa sababu hiyo hasa.

Hapa wazee wa Ujiji wananitazama, maana najua wanachotaka kunikumbusha. Salamu maarufu kuliko zote duniani kwa mtu mwenye cheo cha udaktari ilitolewa kilomita chache kutoka hapa, chini ya mwembe, mwishoni mwa 1871, Stanley alipomkuta Livingstone. Watalii wanakuja kupiga picha kwenye ule mnara. Wachache wanajua kwamba Livingstone hakuwa na shahada ya udaktari wa tiba. Alikuwa na leseni, aliyopewa mwaka 1840 na chombo cha matabibu na wapasuaji cha Glasgow baada ya mtihani. Vyuo vikuu vilimpa udaktari wa heshima baadaye, kwa ajili ya safari zake. Na siku ile Ujiji hakuwa hata na dawa zake, kwa kuwa kasha la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka mwaka 1867. Leseni bila shahada, kituo bila dawa: kwa viwango vya leo huyo ni mfawidhi wa zahanati ya ufukweni, mwisho wa robo ya mwaka. Nasema hivi kwa mzaha nusu. Nusu nyingine ni kwamba hata huko vyeo hivi vilikoanzia, mpaka kati ya mwenye shahada na mwenye leseni uliwekwa na watu, kwa mabishano marefu ya nani atibu nani na kwa malipo gani. Anayetuambia kwamba mpaka wetu umeshuka kutoka mbinguni hajasoma.

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wana somo ambalo hatulitumii. Kalemie, Uvira, Baraka, kituo cha afya mara nyingi huongozwa na muuguzi. Anaitwa muuguzi, ndiye mkuu, ndiye anayeandika dawa, na watu wanamheshimu. Wakimbizi kutoka huko walioanza kufika kambini Nyarugusu mwaka 1996 walikuja na mazoea hayo. Kule jina la kazi ni la kawaida kabisa na madaraka yako wazi. Hakuna aliyelazimika kumwita daktari ili amtii.

Kenya imekwenda njia nyingine, ya sheria. Matabibu wake wana sheria yao tangu mwaka 1988, ikaandikwa upya 2017, wana baraza lao, wanaweza kubobea kwenye macho, masikio, watoto, dawa za usingizi, na baadhi wana shahada. Jina limetulia, halina "msaidizi". Je, jina hilo liliwapa wanachostahili? Tarehe 1 Aprili 2024 waligoma, na mgomo ukakaribia siku mia moja kabla ya kumalizika Julai. Waligombea ajira, bima na malipo. Hakuna aliyegombea jina, kwa kuwa la jina walishalipata zamani.

Nikitazama yote haya, msimamo wangu ni huu. Neno "msaidizi" liondolewe kwa kila mtaalamu anayeruhusiwa kisheria kukaa kituoni peke yake. Tabibu msaidizi awe tabibu wa daraja la kwanza la ngazi, na tabibu wa stashahada awe juu yake kwa daraja, kama walimu walivyo na madaraja na wote ni walimu. Daktari msaidizi awe tabibu mpasuaji, kama ndicho anachofanya, na cheti chake kitaje operesheni anazoruhusiwa. Neno "tabibu" ni zuri, linaeleweka pwani na bara, halimdanganyi mtu kwamba ni daktari wa chuo kikuu, na halimwambii kwamba ni mkia wa mtu mwingine. Madaktari wenzangu mtakaosema hapa tunawapandisha watu kwa mlango wa nyuma, nawaomba mnionyeshe mlango wa mbele, maana huo ndio niliokuja kuuzungumzia hasa.

Mlango wa mbele ulikuwa ule wa mafunzo ya daktari msaidizi. Kijana wa Kasulu au Kakonko alimaliza utabibu, akafanya kazi kijijini, akarudi chuoni miaka miwili, akatoka na kisu mkononi na akarudi kwao. Katika miaka ya karibuni Serikali imeufunga mlango huo. Hoja yake si ya kipuuzi: vyuo vikuu sasa vinatoa madaktari wengi, baadhi wako mtaani bila ajira, kwa nini tuendelee kufundisha kada ya zama za madaktari 12? Ni hoja nzuri mpaka uiulize itakaa wapi. Msumbiji, ambayo ilianza mwaka 1984 kufundisha wasio madaktari kufanya upasuaji, ilifuatilia waliko baada ya miaka saba. Karibu tisa kati ya kumi walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya. Madaktari waliopelekwa huko, karibu wote walikuwa wameondoka. Simlaumu daktari anayeondoka. Ana shule ya ubingwa ya kwenda, ana mke au mume aliyeajiriwa Dar es Salaam. Tabibu mpasuaji ana shamba Buhigwe na mama yake mzazi yuko kilomita mbili.

Na haya yametokea wakati gani? Wakati uleule ambao Serikali, kwa kazi ninayoisifu bila kinyongo, imejenga vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya kwa mamia nchi nzima. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Hapa Kigoma, tangu 2006, kwa msaada wa mfuko wa Bloomberg, vituo vya vijijini viliwekewa meza na taa za upasuaji, na waliofundishwa kuzitumia hawakuwa madaktari bingwa. Kuta tunazo, lakini chuo cha watu wa kuzitumia tumekifunga, na huku chama cha kitaaluma na wizara vinaweza kukaa mezani miezi sita kujadili kama mtu asiyefundishwa tena aitwe daktari msaidizi au afisa tabibu.

Meli yetu ya Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la mtawala wa Kijerumani, ikazamishwa na wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa, ikapewa jina la Liemba mwaka 1927. Jina jipya halikuiongezea kasi. Kasi ilibadilika miaka ya 1970 walipotoa mitambo ya mvuke wakaweka injini za dizeli. Nadhani mmenielewa, siendi mbali zaidi na mfano huu.

Kwa hiyo sisemi jina ni bure. Nimesema lina bei, na nimesema neno "msaidizi" linaificha wizara hali halisi ya kijiji. Lakini jina libadilishwe likiwa limeshika mkono wa mambo mengine matatu, na yakikosekana bora libaki lilivyo ili angalau aibu ionekane. Liwepo andiko la kisheria linalotaja tabibu wa kila daraja anaruhusiwa kufanya nini, lisomeke kwa Kiswahili na libandikwe ukutani ambapo mgonjwa analiona. Iwepo simu ya daktari wa zamu, yenye jina na saa, ambayo tabibu wa ufukweni akiipiga saa nane usiku inapokelewa, na mazungumzo yakaandikwa kwenye kitabu pande zote mbili, ili siku ya kamati wajibu ugawanywe. Na ngazi ifunguliwe tena, kwa jina lolote mtakalolipenda.

Nina ombi moja kwa ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, na nalitoa kwa heshima. Tunaomba orodha ya madaktari wasaidizi wote wanaofanya upasuaji mkoani Kigoma leo: wako kituo gani, kila mmoja ana umri gani, na mwaka gani atatimiza miaka 60 na kustaafu. Orodha hiyo ikae kwenye karatasi moja, tuione kituo kwa kituo, kuanzia Kagunga mpaka Kalya. Mjadala wa jina ningependa tuufanye tukiwa na karatasi hiyo mezani.

Mama pale nyuma ameshanyoosha mkono muda mrefu, tuanze na yeye.